Mistari ya kwenye lebo: maswali yenu kuhusu bakodi

Wasindikaji wadogo wa Dodoma na Singida wanaopeleka bidhaa kwenye maduka makubwa wamekuwa wakituuliza sana habari za bakodi. Haya ni baadhi ya maswali yao, pamoja na mengine kutoka kwa wanaozitumia kila siku.

Nakamua alizeti Singida. Duka linataka bakodi kwenye chupa zangu. Bei ikipanda, itabidi nichapishe lebo upya?

Hapana, mama. Bei haimo kwenye mistari. Mna namba moja tu ya tarakimu 13; skana inaisoma, kompyuta ya duka inaitafuta kwenye orodha yake, na bei inatoka huko. Ikipanda, mwenye duka anabadilisha kwake na lebo yako inabaki vilevile. Kitu cha kutenganisha ni ujazo: chupa ya lita 1 na dumu la lita 5, kila kimoja na namba yake.

Kuna namba zinazoanza na 2 ambazo duka hujitengenezea lenyewe, kwa mfano kwa nyama iliyopimwa palepale. Hizo zinaweza kubeba uzito au bei. Zako si za aina hiyo.

Halafu, tafadhali, usinakili mistari ya chupa ya jirani wala kubuni namba. Ukinakili, kila chupa yako ikiuzwa kompyuta itaandika kuwa imeuzwa ya jirani. Namba za hapa nchini hutolewa na GS1 Tanzania na huanza na 620. Wanunuzi wengi huamini 620 maana yake ni bidhaa iliyotengenezwa Tanzania. Sivyo. Inaonyesha kampuni ilikosajili namba, basi. Mafuta yenyewe yanaweza kuwa yametoka popote.

Mimi ni mwanafunzi hapa UDOM. Mistari inabebaje namba, na kwa nini skana haijali kitu kikipitishwa kichwa chini?

Swali hili nimelipenda, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Ile bakodi ya dukani, EAN-13, imegawanywa katika vipande 95 vyembamba vya upana sawa, kila kimoja cheusi au cheupe. Mstari mnene ni vipande vyeusi kadhaa vilivyoshikana. Kila tarakimu inachukua vipande 7. Sifuri ya upande wa kushoto, kwa mfano, huweza kuandikwa hivi: vyeupe vitatu, vyeusi viwili, cheupe kimoja, cheusi kimoja. Upande wa kulia rangi zinageuzwa: vyeusi vitatu, vyeupe viwili, cheusi kimoja, cheupe kimoja. Ile mistari mirefu ya pembeni na katikati ndiyo mipaka, nayo huipa skana kipimo cha upana wa kipande kimoja, iwe lebo ni kubwa au ndogo.

Sasa hesabu: tarakimu 12 mara vipande 7 ni 84, jumlisha 11 vya mipaka, unapata 95. Ya 13 iko wapi? Haikuchorwa! Tarakimu za kushoto zina miandiko miwili, mmoja wenye idadi witiri ya vipande vyeusi, mwingine shufwa, na mpangilio wa miandiko hiyo ndio unaotaja tarakimu ya kwanza. Kwa hiyo 6 ya 620 unayoiona imechapwa nje ya mistari haina mstari hata mmoja wake.

Mpango huohuo unajibu swali lako la pili. Mwandiko wa tarakimu ya kwanza kuchorwa kushoto huwa witiri daima, na wa zote za kulia ni shufwa. Skana ikianza kukutana na shufwa, inajua imeingilia nyuma na inageuza.

Nafungasha asali Manyoni. Fundi wa lebo alichora mistari myekundu ipendeze. Skana haisomi kabisa.

Haitasoma. Skana nyingi za dukani hutumia mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo wekundu hurudisha mwanga karibu sawa na karatasi nyeupe. Kwa skana, lebo yako ni tupu. Tumia mistari myeusi au ya buluu iliyokolea, juu ya nyeupe au njano. Na kama lebo ni ya plastiki angavu, weka kibandiko cheupe nyuma ya mistari, maana asali ikikolea rangi, mistari myeusi inamezwa.

Angalia pia nafasi nyeupe pembeni. Mafundi wa lebo wanaiona kama sisi wa Dodoma tunavyoona kiwanja kitupu: lazima kijengwe. Wasiiguse. Kwa bakodi ya ukubwa wa kawaida, iachwe kama milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia.

Natunza stoo ya vipuri Kizota. Namba zetu zina herufi. EAN itafaa?

Haibebi herufi. Una bakodi za aina nyingine: Code 39, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama chache, au Code 128, inayobeba na herufi ndogo. Mimi ningechukua 128. Ina alama ya ukaguzi, ya kunasa makosa, kila mara, na namba tupu inazifunga mbilimbili: tarakimu 10 zinaingia kwenye vipande 90, wakati Code 39 inapita 150. Kwenye lebo ya bolti hiyo ni tofauti kubwa.

Lebo ikichanika je? (mwenye duka, Majengo)

Inategemea imechanika vipi. Urefu wa mistari ni akiba tu. Ukipata njia moja safi kutoka ukingo hadi ukingo, inasomeka. Mchano unaofuata mstari kwenda chini ndio mbaya.

Ikishindikana, keshia aandike namba kwa mkono. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Chukua 620123456789: jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea kwa kuruka moja moja, unapata 26, zilizobaki ni 27, mara tatu 81. Jumla 107, na kinachokosekana kufika 110 ni 3, basi ya mwisho ni 3. Akikosea tarakimu moja, kompyuta inakataa. Akizigeuza mbili zilizo jirani, mara nyingi inakataa pia, isipokuwa zikiwa zinatofautiana kwa 5, kama 2 na 7. Hapo inapita kimyakimya, kwa hiyo asome jina la bidhaa kwenye skrini kabla ya kupokea hela.