Ndoa ya bomani si uzinzi

Dada yangu, umeuliza kama wewe na mumeo, mliofunga ndoa bomani, mnaishi katika uzinzi kama alivyokuambia yule mzee wa jumuiya. Neno hilo limeniuma. Hapana.

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Hiari, na kudumu. Hayo ndiyo mliyokubaliana mbele ya msajili na mashahidi, na Mungu aliyasikia hata kama hapakuwa na kwaya.

Ila kwa kuwa wewe ni Mkatoliki, kuna jambo limebaki. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 1563, ndio uliodai ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi. Kabla ya hapo ridhaa ya wawili ilitosha ndoa kusimama. Kanisa bado linashika utaratibu huo, ndiyo maana hukomuniki.

Nendeni kwa paroko mkatengeneze ndoa yenu. Msisubiri michango ya ukumbi, misa ya asubuhi inatosha kabisa. Na mumeo asikuache uende peke yako.