Moli: funga daftari, kokotoa mwenyewe

Mdogo wangu, umesoma mifano ya moli (kipimo cha kiasi cha dutu katika kemia) mara tano na kwenye mtihani bado unapotea kwa sababu jicho limeizoea, mkono bado. Funga daftari, chukua karatasi tupu. Gramu 4 za NaOH (hidroksidi ya sodiamu), mmumunyo wa sentimita za ujazo 500: kuna moli ngapi kwa lita? Uzito wa moli moja: Na 23 + O 16 + H 1 = gramu 40. Kisha 4 ÷ 40 = moli 0.1. Wengi huanguka hapa: wanagawanya moli hizo kwa 500 badala ya lita 0.5. Yaani 0.1 ÷ 0.5. Jibu ni moli 0.2 kwa lita. Ukikwama, chungulia daftarini mstari uliokukwamisha tu, funga, anza upya. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kwa namba nyingine. Kila hatua jieleze kwa sauti kwa nini unagawanya. Ukishindwa, hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu.