Mvinyo na chaza kando ya Thau

Ndugu, umeuliza ni wapi kusini mwa Ufaransa mtu anaweza kufurahia sherehe ya mvinyo ya kijijini pamoja na chakula cha mchana kando ya maji, bila kulipa bei za Nice au Cannes. Ningekushauri uende Thau, ziwa la maji ya chumvi lililo kati ya Sète na Marseillan.

Huko chaza hugandishwa kwa saruji kwenye kamba zinazoning'inizwa majini, kwa kuwa Bahari ya Mediterania haina kujaa na kupwa kwa kutosha kuwalea ufukweni, na wafugaji wengi wa Bouzigues na Mèze, kando ya ziwa hilo, huwauza papo hapo, mezani, pamoja na ndimu na mkate. Mvinyo wa huko ni Picpoul de Pinet, mweupe na mchachu kidogo, unaotoka katika mashamba ya mizabibu yanayolitazama ziwa hilo. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kutafuta mwingine wa gharama zaidi. Sherehe nyingi hufanyika majira ya kiangazi, na kwa kawaida hununua glasi moja ukazunguka nayo kutoka kwa mzalishaji mmoja hadi mwingine.

Ukipita Sète, onja tielle, mkate wa pweza wenye nyanya na pilipili. Fika mezani kabla ya saa saba mchana, kwani majiko mengi hufungwa mapema, na anayeendesha gari akumbuke kwamba kikomo cha pombe ni gramu 0.5 kwa lita ya damu.