Acha simu ikusomee

Kama una ripoti ya kurasa 60 na foleni ya kutoka Mbagala hadi Posta, usijitese kukodolea macho kioo cha simu huku daladala linaruka mashimo. Iache simu isome, wewe sikiliza. Weka spika ya sikio moja tu, la pili libaki kwa konda na kwa mkoba wako.

Anza na sauti. Maandishi ya Kiswahili yakisomwa na sauti ya Kiingereza, utachoka kabla ya aya ya pili; hata "ng'ombe" hutamtambua. Wengi wanaoniambia kitu hiki hakifai, nikiangalia simu zao nakuta lugha haijabadilishwa. Kwenye kompyuta, kivinjari cha Edge kina sauti za Kiswahili: Daudi na Rehema wa Tanzania, Rafiki na Zuri wa Kenya. Fungua ukurasa, bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, kisha chagua umtakaye. Mimi ni wa Rehema, Daudi ananisinzisha. Sauti hizo hutumia intaneti, kwa hiyo bando liwepo. Kwenye Android, tafuta sehemu ya ufikivu ndani ya mipangilio. Zana zake za kusoma kwa sauti ziliwekwa hasa kwa wasioona na wenye uoni hafifu, nadhani ndiyo maana wengine hatuzigusi.

PDF ndiyo yenye vituko. Ikiwa ni karatasi zilizopigwa skana, hiyo ni picha, hakuna cha kusomwa. Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Likigoma, ipakie Google Drive na uifungue kwa Google Docs ukiwa kwenye kompyuta, itatoa maandishi. Yapitie, maana namba za kurasa na vichwa vya juu huingia katikati ya sentensi na msomaji wako atavitaja vyote bila aibu.

Mkataba, majedwali na hesabu visome kwa macho. Kifungu cha 14(2)(b) hakikai kichwani kwa kusikia mara moja, na pesa yako isitegemee sikio lililokuwa linasikiliza honi.

Lakini faida kubwa naipata kwenye maandishi yangu mwenyewe. Jicho linajua ulichokusudia, kwa hiyo linakurekebishia kimyakimya. Sauti haikujui. Uliandika "mwanachi", itasema "mwanachi". Uliandika "wajumbe na na viongozi", utazisikia "na" zote mbili. Barua ya maombi ya kazi, taarifa ya kikao, hata ujumbe mrefu kwa wakwe: sikiliza kabla hujatuma, kwa mwendo wa kawaida, bila kuangalia kioo. Ukiona sentensi inaenda, inaenda, na umeshasahau nani alifanya nini, simamisha hapo hapo uikate.