LR-4 si saratani ya hatua ya nne

SWALI: Daktari, baba yetu anaishi na homa ya ini B. Ripoti yake ya MRI (picha ya sumaku) inasema ana kivimbe kimoja cha milimita 17: kinang'aa mapema, hakififii, kina ganda, LR-4, vena porta iko wazi. Kipimo cha damu cha AFP ni cha kawaida. Nyumbani tunalia, kwa kuwa hatua ya nne haina dawa. Tufanyeje? – Msomaji, Koboko

JIBU: Poleni, lakini hiyo 4 si hatua. LR (LI-RADS, mfumo wa kusoma picha za ini) hupima kiwango cha shaka ya saratani ya ini, kuanzia 1 (hakika si saratani) hadi 5 (hakika ni saratani ya ini). Kwa LR-4, inaelekea sana kuwa ni saratani, ila ushahidi haujatimia.

Ushahidi hutokana na damu. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia vena porta, mshipa unaoleta damu kutoka utumbo. Saratani hujilisha kwa ateri, ambako dawa ya picha hufika mapema zaidi. Dawa ya gadolinium ikidungwa, kivimbe cha saratani hung'aa mapema, kisha hufifia kuliko ini linalokizunguka. Kwa milimita 10 hadi 19, kung'aa pamoja na kufifia ni LR-5. Kung'aa na ganda (ukingo unaokizunguka) tu ni LR-4. Kingekuwa na milimita 20, ganda hilohilo lingetosha kukiita LR-5. Ndiyo maana vipimo vya picha za zamani, kama zipo, vina thamani: kikikua kwa nusu au zaidi ndani ya miezi 6, hilo nalo ni ushahidi.

AFP ya kawaida isiwatulize. Vivimbe vidogo mara nyingi haviipandishi.

Pelekeni CD ya picha, si karatasi peke yake, kwa jopo la madaktari wa ini, picha na upasuaji. Uganda Cancer Institute, Mulago, ndipo pa kuulizia. Wataamua: biopsi (kuchukua kipande kidogo cha kivimbe na kukipima), matibabu, au MRI nyingine ndani ya miezi 3, si mwaka ujao. Ikirudiwa, apimwe kreatinini (kipimo cha figo) kwanza, na afanye mazoezi ya kubana pumzi kwa sekunde 15 hadi 20; akipumua, picha hutetereka na kufifia hakuonekani.

Ulizeni pia vipimo vya damu vya bilirubini, albumini, INR (kuganda kwa damu) na chembe sahani, kwani nguvu ya ini ndiyo huamua matibabu. Kivimbe kimoja kisichozidi sentimita 2, mishipa ikiwa wazi na ini likifanya kazi vizuri, huhesabiwa hatua ya mapema kabisa: hukatwa au huchomwa kwa sindano ya joto, kwa nia ya kuponya. Kama anatumia tenofovir, dawa ya homa ya ini B, asiiache hata siku moja.