Mwaka mmoja, kitu kimoja: kupiga picha za misimu Bagamoyo

Misimu ya Bagamoyo huonekana kwanza kwenye upepo na maji, ndipo kwenye miti. Anayeanza kupiga picha za mwaka mzima mara nyingi hutafuta majani yanayogeuka rangi, kama alivyoona kwenye picha za nchi za baridi, akikosa huona mji wetu hauna misimu. Misimu ipo. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, na bahari huwa na utulivu. Masika hushuka Machi hadi Mei, na kusi huingia na kushika nguvu katikati ya mwaka pamoja na baridi ya kipupwe. Vuli huja Oktoba hadi Desemba. Baina ya pepo hizo kuna maleleji, siku ambazo tanga hulegea kwa kukosa upepo wa kulijaza. Mpiga picha asiyejua leo ni upepo gani atapiga ngalawa mia moja, na zote zitafanana.

Kwa hiyo mada yako iwe kitu ambacho upepo, mvua au maji yanaweza kukibadilisha. "Maisha ya Bagamoyo" si mada, ni pana mno, na baada ya miezi miwili hutajua unatafuta nini. "Milango ya Mji Mkongwe" ni nzuri lakini ina mtego: mlango wa mbao haubadiliki kati ya Februari na Juni, kinachobadilika ni mwanga na watu wanaokaa barazani. Basi mada iite "baraza", upige walipo watu na kilipo kivuli. Mada nyingine zinazobeba mwaka vizuri ni vitu vinavyobebwa kichwani, tanga na viraka vyake, maji ya mvua yanavyokingwa majumbani, matunda yaliyopangwa mafungu (embe hujaa kuelekea Desemba), au mti mmoja tu. Mbuyu, kwa mfano, hupukutisha majani miezi mikavu ya katikati ya mwaka na kuyarudisha mvua zinapokaribia. Kabla ya kuamua, jiulize: kusi itakifanya nini kitu hiki? Masika je? Ukikosa jibu, chagua kingine.

Ukichagua ufukwe au soko la samaki, jifunze maji kabla ya kujifunza kamera. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hesabu hii ndogo ina faida kubwa. Ukitaka vyombo vinaelea karibu na ufuko jua likichomoza, nenda siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu. Ukitaka mafundi wanaopiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, chombo kimelala mchangani, nenda bamvua yenyewe saa 3 hadi saa 5, ukijua kwamba jua litakuwa juu na mchanga utang'aa, hivyo jisogeze kwenye kivuli cha chombo upige kutokea humo. Kupwa sana na mwanga laini wa alfajiri hapa havikutani. Wengi hupoteza mwezi mzima wakisubiri vikutane.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa, kazi hiyo hupungua. Ukienda sokoni siku za mbalamwezi ukakuta pametulia, hiyo nayo ni picha ya msimu. Ipige.

Jua letu hupanda karibu wima. Mwanga laini wa asubuhi hudumu kama dakika 45, baada ya hapo vivuli vinakuwa vikali. Fika nusu saa kabla ya jua. Mwezi Novemba huchomoza dakika chache kabla ya saa 12, na Julai kama saa 12 na dakika 35. Mahali linapochomozea nako huhama: Juni hutokea kaskazini ya mashariki, Desemba kusini ya mashariki, tofauti ya nyuzi 47 hivi. Yaani kama mwezi Juni jua lilitokea juu ya mlingoti fulani, Desemba litakuwa mbali nao kabisa. Kwa majengo ni muhimu zaidi. Ukuta unaotazama kaskazini hupata jua la mchana katikati ya mwaka, na unaotazama kusini hupata Novemba hadi Januari. Siku za mwanzo wa Machi na tena karibu tarehe 9 Oktoba jua la mchana huwa utosini. Macho ya watu huwa mashimo meusi, na mtu anakanyaga kivuli chake. Wakati huo piga vivuli vyenyewe, au pumzika hadi saa 10 jioni.

Utamu wa kazi hii uko kwenye kurudi palepale. Chagua vituo 3, visizidi 5. Kila kituo kiwe na alama isiyohama: ngazi ya pili, kona ya ukuta, mzizi wa mwembe. Usitumie mtumbwi wala meza ya muuzaji kuwa alama. Andika kwenye daftari urefu wa kamera kutoka chini (usawa wa kifua unatosha), lenzi uliyotumia, na saa. Ukirudi, fungua picha ya kwanza kwenye simu, linganisha kona mbili za fremu na unachokiona, ndipo upige. Kosa la kawaida ni kukuza picha kwa vidole kwenye simu. Mwezi ujao hutakumbuka ulikuza kiasi gani, na picha hazitalingana. Sogea kwa miguu.

Mwanga wa pwani huidanganya kamera. Mchanga mweupe na bahari vikijaa fremu, kamera hudhani kuna mwanga wa kupita kiasi, inatia giza, na uso wa mtu mweusi unapotea. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia hadi mwanga ufungwe, kisha panga picha. Kwenye kamera ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1 kwenye kipimo chenye alama ya +/-. Kanzu nyeupe juani inataka uangalifu wa aina nyingine: ikishaungua na kuwa nyeupe tupu, mikunjo yake hairudi hata ukiisahihisha vipi. Mpeleke mwenye kanzu kivulini, ukuta wa mbele yake ukiwa umepigwa na jua, na uso na kanzu vyote vitasomeka. Kwa mbebaji anayetembea tumia kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, maji yanayoruka 1/1000. Baiskeli ukitaka ionekane inakwenda, 1/30, huku ukiifuata kwa kamera.

Kusi ikivuma, hewa ya ufukweni imejaa chumvi. Usibadilishe lenzi pale. Ukirudi futa kamera kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana masika lenzi huota kuvu kwa ndani. Mchele una vumbi, usiutumie.

Ramadhani haifuati misimu hii. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11, hivyo mada ya futari itachukua miaka mingi kabla ya kupita kaskazi na kusi. Ni mada nzuri kwa mwenye subira, lakini asianze nayo mgeni.

Kwa watu, salamu hutangulia kamera. Shikamoo kwa mkubwa, kisha hali, kisha "Naomba nikupige picha ukiwa kazini." Akikataa, shukuru na uondoke, usimpige kwa mbali. Mtoto anaombewa kwa mzazi. Anayeswali usimpige.

Nyumbani, ipe kila faili jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha kituo: 2025-06-21_baraza_02. Zitajipanga zenyewe. Weka nakala mahali pawili, na usihesabu picha uliyotuma WhatsApp kwa njia ya kawaida kuwa nakala, kwani hubanwa na kupoteza ubora. Kaa wiki moja ndipo uchague, 3 tu kwa mwezi. Moja safisha ukubwa wa kadi ya posta, umpelekee aliyemo kabla mwezi haujaisha. Ukirudi mara ya pili hatageuza uso, na huenda ndiye atakayekuambia nyavu zitashushwa lini.