Niliacha kujiadhibu kwa mazoezi

Shuleni tulikimbia kwa namna mbili. Kulikuwa na mchakamchaka: alfajiri baridi bado ipo, kiongozi anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia, vumbi linatimka, na hakuna aliyejali tumekwenda umbali gani. Halafu kulikuwa na adhabu. Ukichelewa namba unaruka kichura, au unazunguka uwanja mpaka mwalimu aridhike. Miguu ileile, uwanja uleule, lakini moyo ulijua tofauti.

Nilipofikisha miaka 38 uzito ulikuwa umenipanda, nikaanza mazoezi, na bila kujua nikachukua ile namna ya pili. Nikila chapati mbili asubuhi, jioni nipo jimu juu ya mashine ya kukimbilia, macho kwenye kalori, nasubiri deni liishe. Siku niliyokosa niliifidia kesho yake kwa dakika 20 za ziada. Nilidumu miezi minne. Nilipoacha, goti lilikuwa linauma na mwili wangu nilikuwa nimeuchukia kwelikweli.

Baadaye nilisoma kwamba asili ya mashine ile ni gerezani. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio, na wafungwa wakawa wanalikanyaga saa nyingi kila siku. Sisemi uikimbie mashine. Wapo wanaoipenda, na kwa mtu ambaye mtaani kwake si salama kutembea jioni, ni msaada mkubwa. Ila habari ile ilinigusa, kwa sababu mimi nilikuwa mfungwa na askari kwa wakati mmoja.

Aliyenitoa huko ni binti yangu wa darasa la tatu. Jumamosi moja tulikuwa tunapanda njia ya Morningside, hapa Morogoro, akaanzisha wimbo wa mchakamchaka wa shuleni kwao. Nikaitikia kabla sijafikiri. Akina mama waliokuwa wanashuka kutoka Uluguru na ndizi kichwani tukawapa shikamoo, wakatuitikia, na mmoja wao akaudaka wimbo wetu mpaka tulipopishana. Tulipofika kwenye maji jua lilikuwa limeshapanda, na sikuwa nimeangalia saa hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kabla hujafunga kamba za raba: jiulize unakwenda kulipa nini. Kama jibu ni chakula cha jana, kaa kwanza, kunywa maji, tafuta sababu nyingine. Hewa ya asubuhi inatosha. Mtu wa kuongea naye njiani anatosha.

Ukishatoka, simu ikae mfukoni kwa dakika kumi za mwanzo. Sikiliza kisigino kinavyogusa ardhi, pumzi inavyoingia, mabega yalivyo. Mimi niligundua kwa namna hiyo kwamba huwa nayapandisha mabega karibu na masikio siku nzima, hata nikiwa ofisini. Hakuna saa ya mkononi iliyowahi kuniambia hilo.

Mwendo upime kwa mdomo. Ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, hayo ni mazoezi ya wastani, na kwa wengi wetu yanatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa wiki, na lile sharti la zamani la angalau dakika kumi mfululizo liliondolewa. Kupanda ngazi kunahesabika. Kushuka daladala kituo kimoja kabla na kutembea kunahesabika.

Jifunze pia kutofautisha uchovu na maumivu. Mimi nililipia somo hili kwa goti. Msuli uliochoka huwaka kidogo, ukipunguza mwendo unatulia. Maumivu yanayochoma mahali pamoja, hasa kwenye kiungo, yanakutaka usimame. Kifua kikibana, nenda hospitali papo hapo.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni kuacha kufidia. Wiki iliyopita mvua ilinyesha alfajiri yote, nikarudi kulala, binti naye akalala. Kesho yake tulipanda mpaka pale pale tunapofikaga siku zote, tukanawa uso kwenye maji, tukageuza.